Karibu ya Nyumba ya Watu

Manyoya yalikuwa ya kuku. Bi Kazija binti Makame alikuwa ameshanyonyoa kuku wa kutosha katika miaka yake hamsini na saba, hata hakuna mtu wa kumwambia kwamba yale yaliyoshonewa kwenye ukanda mwekundu yalikuwa ya ndege wa jangwani. Aliugeuza ukanda, akaunusa, akaurudisha mezani kwa ncha za vidole viwili.

"Laoban," alisema, maana ndivyo wote pale ofisini walivyomwita bosi wao, "hii nguo au kitoweo?"

Bwana Liang alicheka kwa haraka, kama afanyavyo mambo yake yote. Wateja wa Dar es Salaam walimpa jina la Bwana Haraka, naye akalipenda, akaliandika kwenye kadi zake za biashara. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nne, mjini Guangzhou, China, hatua chache kutoka soko la vitambaa la Zhongda. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu vitambaa na sare na kusimamia viwanda mpaka mzigo ufungwe. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja, neno moja moja, na yaliyopungua akayajaza kwa Kichina na Kiingereza cha sokoni. Kazija alikuwa naye mwaka wa kumi na moja, akikagua vitambaa. Wino ukipishana kwa upana wa unywele, mkono wake ulikuwa unajua kabla ya jicho. Kanga ikiletwa na maneno yaliyokosewa, alikuwa anairudisha kiwandani na tusi juu.

"Nguo," alisema Liang. "Ya Alhamisi. Na rangi hii nyeupe ya uso. Wewe utakuwa mzee wa kabila."

"Kabila gani tena? Langu halina manyoya."

Ndipo akaelezwa. Kampuni moja ya migodi, iliyoko Perth, Australia, ilitaka mashati ya wafanyakazi wake yatengenezwe Guangzhou. Shati lenyewe lingekuwa na mchoro wa msanii mmoja wa Wanoongar, watu ambao Perth na kusini yake yote ni ardhi yao tangu kabla ya tangu. Basi kampuni iliweka sharti: ofisi yoyote itakayogusa kitambaa kile, wafanyakazi wake wote wafundishwe kwanza habari za wenyeji wale, mila zao, ardhi yao, yaliyowapata, na namna ya kufanya nao kazi bila kuwakosea adabu. Na mwalimu awe mmoja wao. Tarehe ya karibu ya mwalimu ilikuwa wiki tatu mbele.

Liang alikuwa mtu wa kula tambi amesimama. Hakuweza kungoja wiki tatu. Akawaandikia Perth kwamba wasisumbuke, hapa Guangzhou yupo bibi mmoja mwenyeji wao, mzee wa kuheshimika, anafanya kazi humu humu ofisini, atafundisha yeye.

"Mimi mtu wa Makunduchi, laoban."

"Wao weusi. Wewe mweusi. Kwenye kamera nani atajua?"

Kazija akamtazama kwa upole sana. Waliomfahamu walikuwa wanauogopa upole huo.

"Kweli, rafiki yangu. Nami kesho nitapiga simu Tokyo. Niwaambie ninaye Mjapani wao, mzee mzuri, kakaa tu hapa mtaani Haizhu hana kazi. Nitakununulia na kimono."

Cheko la Liang likakatika. "Hiyo tofauti!"

"Tofauti yake nini?"

"Hiyo… hiyo mimi najua. Ni tofauti."

"Ehee," alisema Kazija. "Basi na mimi ya kwangu naijua."

Liang alivuta droo, akatoa fomu ambayo Kazija aliijua hata kwa mbali, ile ya kuongezewa kibali cha kazi. Kibali kilikuwa kimebakiza mwezi mmoja na siku sita, na sheria ilitaka ombi liingie kabla hakijabaki mwezi. Fomu ilikuwa imejazwa yote. Mahali pa muhuri mwekundu wa ofisi palikuwa peupe.

"Alhamisi dakika kumi," alisema Liang. "Tunarekodi, unasoma karatasi, unakaribisha watu, basi. Mchana napiga muhuri. Hapana shida."

Akairudisha fomu drooni. Droo ile ilikuwa na kufuli.

*

Siku ile ile, Jumanne mchana, Kazija alimkuta Domina kwenye mgahawa wa mtaa wa Xiaobei wanakopika pilau, kwenye meza yao ya kila siku chini ya feni. Domina alikuwa mtoto wa Bukoba, mwaka wa tatu anasomea shahada ya uzamivu ya mambo ya maji, mwembamba, mcheshi, na Mkatoliki wa kwenda kanisani hata kwenye mvua ya mawe.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Leo soma kitu cha maana, acha hayo maji yako." Akamsukumia kijitabu walichotuma watu wa Perth. Kurasa thelathini. Liang alikichapisha lakini hakukifungua. Katibu wake, Xiao Mei, ndiye aliyempa Kazija ili akariri mistari ya kukaribisha. Shule ya Kazija iliishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kupunguza bei, hakina maneno marefu.

Domina alisoma, akitafsiri huku anatafuna. Walivyokuwa wenye nchi. Walivyoingiliwa. Watoto waliochukuliwa mikononi mwa mama zao wakalelewe na wageni, wasahau lugha yao. Hapo Domina aliacha kutafuna. Kisha akafika ukurasa wa kumi na mbili.

"Hapa wanasema, mkutano ukifunguliwa, kuna maneno ya kuwakaribisha watu kwenye ardhi. Hayo husemwa na mzee wa ardhi hiyo hiyo tu. Si kila Mnoongar, mama, mpaka awe wa pale. Mwingine yeyote, awe nani awe nani, anaruhusiwa kutoa heshima tu kwa wenye ardhi. Kukaribisha haruhusiwi."

Kazija aliweka kijiko chini.

"Soma tena."

Domina akasoma tena.

"Basi hawa watu wana hodi," alisema Kazija.

"Kila mtu ana hodi, mama."

"Nani kakudanganya? Wapo wanaoingia tu." Akakigonga kijitabu kwa kidole. "Aliye nje hupiga hodi, na karibu huitoa mwenye nyumba. Mtoto wa miaka mitatu anaijua hiyo. Na Liang anataka nisimame kwenye mlango wa watu niseme karibuni, piteni ndani, na mwenyewe yuko uani hana habari!"

"Sasa utafanyaje? Kibali je?"

Hapo ndipo palipouma. Nyumba ya marehemu baba yake kule Makunduchi walikuwa wameshaigawa ndugu zake wanaume, na chumba chake alikuwa anakaa mke wa mtoto wa kaka. Mara ya mwisho aliporudi, binti yule alimfungulia mlango akamwambia, "Karibu mgeni." Kwa nia njema kabisa. Kazija alilala kwenye mkeka sebuleni siku tisa, akarudi Guangzhou, hajamwambia mtu. Hapa alikuwa na chumba chenye ufunguo wake, na kazi ambayo mkono wake uliijua. Kibali kikifa, vyote vinakufa.

"Mimi naogopa, Domina," alisema. "Ila nikijipaka hiyo rangi nitaogopa zaidi, maana nitakuwa sina hata pa kurudi ndani ya nafsi yangu."

"Mama, maneno mazito hayo."

"Mazito nini. Nipe achari."

*

Jumatano alimwambia Liang hapana. Alimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kichina chake cha sokoni, "bu xing," neno la kukataa bei ambalo halina mjadala. Liang akaonyesha droo kwa kidole. Kazija akaonyesha mlango kwa kidole. Xiao Mei, aliyekuwa katikati na chai, hakujua aiweke wapi.

"Watu kumi na nane wanakula kwa kazi hii," alisema Liang, na sauti yake safari hii haikuwa na haraka. "Mzigo ukikwama, kiwanda kinampa mtu mwingine zamu yetu. Mimi sichezi, Mama Kazija."

"Na mimi ni wa kumi na tisa. Au mimi silishi mdomo?"

"Kwa nini unajali? Watu hao huwajui."

"Ndiyo maana. Ningewajua ningewaomba ruhusa."

Liang akadhani amelegea. Mtu asiyejua wanawake wa pwani hudhani hivyo kila wanaposhusha sauti.

Alhamisi saa nne asubuhi Kazija aliingia kwenye chumba cha mkutano amevaa kanga zake mbili za kisutu, doti iliyopasuliwa juzi, bado inakwaruza. Wafanyakazi walikuwa wamekaa mistari mitatu na madaftari. Ukutani Liang alitundika kitambaa cha madoadoa alichookota Zhongda. Pembeni aliweka kijiti kilichopinda cha Australia, kinachorushwa kikarudi, cha kuchezea watoto, bado na karatasi ya bei.

"Manyoya yako wapi?" alinong'ona Liang.

"Nimewarudishia kuku."

"Mama Kazija! Hii si ya kurekodi! Wanapiga video sasa hivi, wanaona moja kwa moja!" Kumbe hilo alilificha mpaka dakika ile. Bibi wa Perth anayesimamia mafunzo alifurahi mno kusikia kuna mzee wao Guangzhou, akaomba amsalimie kwanza. Saa za Perth na za Guangzhou ni zile zile, hata kisingizio cha usingizi hapakuwepo.

Kudanganya kamera, Kazija alikuwa ameshakukataa. Kudanganya jicho la mtu hakukuwa hata kwenye hesabu zake.

Kioo cha kompyuta kikawaka. Akatokea mwanamke wa makamo, mvi zimekatwa fupi, miwani inaning'inia kifuani, nyuma yake friji lililojaa picha za wajukuu. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyozidishwa maziwa, nyeupe kuliko ya Liang mwenyewe.

"Huyu karani," Liang alinong'ona. "Mwenyewe bado."

"Habari za asubuhi," alisema yule mwanamke. "Mimi Noreen. Ni Mnoongar. Bibi yangu alizaliwa ukingoni mwa mto unaopita hapa dirishani kwangu."

Ile hesabu ya Liang ya weusi kwa weusi ilimwanguka pale pale mbele ya watu kumi na nane, nao wote waliigeukia sura yake kuona itaelekea wapi.

"Na wewe ndiye shangazi yetu," alisema Noreen, akimwinamia Kazija kwenye kioo. Hivyo ndivyo watu wake wanavyomwita mwanamke mkubwa, hata asiye wa damu. "Nimefurahi sana. Nimemwambia mama yangu, hakulala. Shangazi, watu wako ni nani? Mtoto wa nani wewe?"

Liang, nyuma ya kamera, alikuwa ameandika kwa kalamu nene kwenye karatasi: NOONGAR. Akainyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Mkono mwingine, laiti angekuwa na wa tatu, ungekuwa umeshika ile fomu.

Kazija aliisoma ile karatasi. Alimtazama Noreen. Swali lile alikuwa amelijibu maisha yake yote. Makunduchi, kabla hujapewa maji, unaulizwa: mtoto wa nani wewe? Unamtaja baba, unamtaja babu, na bibi mmoja kwenye kona anasema, aa, wale wachoma chokaa, ndipo maji yanakuja. Kudanganya mengine yote watu husameheana, kuanzia umri mpaka mume. Atakayejibu hili kwa jina la wengine amewakana wazazi wake kaburini.

"Mimi Kazija," alisema, kwa Kiingereza chake cha kupunguza bei, polepole. "Baba yangu Makame. Baba yake Haji. Wachoma chokaa, Makunduchi, kusini ya Unguja, Zanzibar. Mimi si mtu wenu. Nchi yako sijaikanyaga."

Karatasi ya Liang ikateremka.

"Wamenipa maneno nikukaribishe," aliendelea Kazija. "Nikukaribishe wewe, nyumbani kwako! Kwetu mtu wa nje hasemi karibu. Anasimama nje, anapiga hodi, anangoja. Akijibiwa, ataingia. Asipojibiwa mara ya tatu, atarudi zake. Basi mimi niko nje. Hodi."

Noreen alivaa miwani, akaivua. Sura yake ilikuwa imeingiwa na uchovu. Kazija aliuelewa, maana uchovu wa kuibiwa kila siku hauna lugha.

"Mama yangu hakulala," alisema tena Noreen, kwa sauti ndogo. Kisha akakaza shingo. "Bwana Liang. Uko hapo?"

Liang akajitokeza, jasho limemtiririka mpaka kwenye kola.

"Kitambaa kisiguswe. Jumatano ijayo nitaahirisha mambo yangu, nitawafundisha mwenyewe, siku nzima. Wewe utakaa mstari wa mbele. Na huyu mama awepo." Akamgeukia Kazija. "Hodi yako nimeisikia. Kuitikia si kwangu peke yangu, kuna mjomba wangu ndiye mkubwa. Nitamuuliza."

"Muulize," alisema Kazija. "Mimi sina haraka. Mwenye haraka huyu hapa."

Noreen alicheka, cheko fupi la puani, kama limemponyoka. Kioo kikazimika.

*

Liang alimwita ofisini, akafunga mlango, akafungua kufuli ya droo. Aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa fomu ya kibali. Ya pili ilikuwa barua fupi ya Kiingereza, wino bado unanuka.

"Hii inasema nini?" aliuliza Kazija.

"Inasema ulikosea. Hukuelewa. Mambo ya mzee wa kabila yalikuwa wazo lako, ulitaka kufurahisha wateja. Unaweka sahihi hapa, mimi napiga muhuri kule. Zote pamoja."

"Zote pamoja."

"Wewe mfanyakazi tu, watakusamehe. Mimi ni kampuni, hawanisamehi." Liang alijipangusa uso. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Mwaka aliougua Kazija alimpelekea supu hospitali, ya moto, siku tano mfululizo. Lakini alikuwa mtu wa njia fupi, na njia fupi siku zote hupita juu ya mgongo wa mtu.

Kazija alivuta kiti, akakaa bila kuambiwa. Aliichukua ile barua, akaigeuza kifudifudi, akatoa mfuko wa njugu kwenye mkoba, akazimimina juu yake. Akaanza kumenya.

"Mama Kazija!"

"Kula, laoban, hujala tangu asubuhi. Sikiliza. Sahihi sitii. Muhuri ni wako, ulimi ni wangu. Usinipigie, sitakulilia. Mimi nina mwezi na siku nne, nitafunga masanduku taratibu." Ganda moja likadondoka kwenye fomu, akalipuliza. "Lakini Jumatano Noreen atafungua kioo chake, ataniulizia. Mbele ya watu wote. 'Yuko wapi yule mama wa hodi?' Utamwambia nimekwenda wapi? Au utampaka rangi Xiao Mei useme ni mimi?"

Nje ya mlango mtu alikohoa. Ilikuwa sauti ya Xiao Mei, na hakikuwa kikohozi, lilikuwa cheko.

Liang aliangalia dirishani. Chini, mikokoteni ya Zhongda ilikuwa inapita na marobota, watu wakipigiana kelele za kupishana. Alichukua njugu moja. Akaichezea.

"Kumi na mmoja," alisema. "Miaka kumi na mmoja, siku moja hukuwahi kuniogopa?"

"Nilikuogopa Jumanne," alisema Kazija. "Nikasomewa kitabu. Na wewe kisome, kurasa thelathini tu. Anza ya kumi na mbili."

Alikaa. Hakuomba, hakusimama, hakutazama saa. Njugu zikawa zinapungua juu ya barua ile na maganda yanaongezeka, na mafuta yake yakaanza kupenya karatasi mpaka sahihi isingepata pa kukaa hata kwa kulazimishwa. Mwishowe Liang alivuta kiboksi cha wino mwekundu. Akauchovya muhuri, akaugandamiza kwenye fomu kwa nguvu ya mtu anayeua mende, akaandika tarehe, akaisukuma upande wa pili.

Mtu mwingine angeinyakua akakimbia. Kazija alivaa miwani yake. Alisoma jina lake, herufi kwa herufi. Alisoma namba ya pasi na kidole juu yake. Alifika kwenye tarehe, kidole kikasimama.

"Laoban. Umeandika mwezi wa kumi. Huu wa kumi na moja."

"Itafaa hivyo hivyo."

"Haitafaa. Watairudisha, nawe utasema bahati mbaya." Akairudisha mezani, akaiweka sawa mbele yake, akamchagulia na kalamu. "Andika nyingine. Nitangoja."

Liang akavuta fomu mpya, akaanza kuandika, na safari hii aliandika taratibu.